Viatu Alivyobadilisha Getini

Shangazi aliinua ile sketi ya kahawia kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia, akauliza, "Hii nayo ni nini?"

Tulikuwa chumbani kwa marehemu dada yangu, wiki iliyofuata mazishi, tukipanga vitu vyake. Shangazi, dada yake Baba, alikuwa ameketi kitandani na marundo mbele yake: vitu vya ndugu, vya kupeleka kanisani na vya kutupa. Mimi sikuweza kukaa. Nilifungua dirisha, nikalifunga. Nilichuchumaa nikatazama viatu chini ya kitanda, nikasimama tena bila kugusa hata kimoja.

"Ni sketi, Shangazi."

"Sketi gani ina miguu?"

"Ya baiskeli."

"Kumbe siku hizi baiskeli nazo zinavaa sketi."

Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio katikati ya njia, kama kilivyokuwa kikinifanyia siku zile zote. Shangazi aliningoja nipenge kamasi, halafu akageuza pindo. "Na huu ukanda wenye kifungo, mbona uko upande mmoja tu? Aliishiwa vifungo?"

"Ndiyo upande wa mnyororo."

Akatikisa kichwa, akaitupa kwenye rundo la kutupa. Nikaiokota.

"Utaivaa wewe?" aliuliza. "Wewe hata ngazi unashuka umeshika ukuta."

"Shangazi, keti nikueleze."

"Mimi nimeketi tangu asubuhi. Anayezunguka kama kuku anayetaka kutaga ni wewe."

Basi nilimweleza. Na kwa kuwa tangu siku hiyo watu wengine wameniuliza, nayaandika hapa, maana sitaki dada yangu akumbukwe kwa ugonjwa uliomchukua tu.

Dada alikuwa mshonaji wa mapazia. Mtaani walimwita Upepo, kwa sababu hakuwa mtu wa kutulia. Mama yetu, Mungu amlaze pema, alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa akitembea, mkunga akamkimbiza. Mtu akimwambia Dada apumzike, alijibu kwamba mwenda bure si mkaa bure. Kazi yake ilikuwa ya kukaa, lakini aliifanya huku miguu ikichezacheza, hata mwenye karakana, tuliyemwita Mama Pazia, akawa anasema, "Mpeni Upepo panadoli, meza yake ina homa."

Baba alipopofuka, kutotulia huko kulipata mahali pa kwenda. Macho yake yaliondoka polepole, mpaka taa na ukuta vikawa kitu kimoja. Alikuwa akiishi kwa kaka yetu mkubwa, upande wa pili wa mji, ng'ambo ya daraja, juu ya mteremko mrefu. Kaka ni dereva wa malori, nyumbani ni mgeni. Wifi, mke wake, ana duka, anarudi amechoka. Alichokikosa Baba si chakula wala nguo safi. Alikosa mtu wa kumsomea Biblia. Alitaka asomewe jioni, kabla hajalala, na Baba alikuwa akilala na kuku. Dada akitoka karakana na kungoja basi, alimkuta ameshajifunika. Alikuwa akirudi nyumbani na kuzunguka chumba kizima, anagusa hiki, anaacha kile. "Anasinzia akiwa na njaa ya Neno," alikuwa akiniambia, "na mimi niko kwenye foleni."

Ndipo akanunua baiskeli kwa fundi wa pale kwenye kona. Ilikuwa imetumika sana, haina kifuniko cha mnyororo, ila inakwenda.

Sasa lazima nieleze Baba ni mtu wa namna gani. Kwa miaka mingi alikuwa mzee wa kanisa wa mlangoni, anayepokea watu Jumapili. Mwanamke akija na suruali, alimwambia kwa upole, "Nenda kavae, tutakungoja." Wifi siku ya kwanza kuletwa nyumbani alikuja na suruali, na Baba akazungumza naye mchana kutwa kutoka nyuma ya gazeti. Aliposikia kwamba wanawake wa mjini wanapanda baiskeli, alisema mbele yetu sote, "Binti yangu akipanua miguu barabarani, asije akanisomea Neno la Mungu kwa kinywa hichohicho." Hakupaza sauti. Alilolisema Baba kwa sauti ya chini alikuwa halirudishi.

Hapo ndipo Dada alipokuwa amebanwa. Bila baiskeli hafiki. Na baiskeli ikijulikana, mlango unafungwa. Ilibidi afike akiwa binti yuleyule wa siku zote, mkononi ana Biblia, mwilini hana dalili ya barabara.

Alianza na sketi yake ndefu ya kanisani. Siku ya kwanza, kwenye daraja, mnyororo uliimeza. Alisimama katikati ya njia, nusu ya pindo imo kwenye meno ya gurudumu, magari yanampigia honi, na mpita njia mmoja akamwambia, "Mama, shuka au vua, uamuzi ni wako." Alirudi na mafuta meusi mpaka gotini.

Akajaribu gauni fupi kidogo, ndani suruali ya jinzi ameikunja. Jinzi ile ina mshono mnene pale mtu anapokalia, na baada ya ule mteremko alikuwa akitembea kama mtu aliyepanda punda siku nzima. Mbaya zaidi, alipopiga magoti kuomba na Baba, mikunjo ilijifungua mmoja mmoja, suruali ikashuka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Wifi aliyaona yote kutoka jikoni. Alibana kicheko kwa kitambaa cha vyombo, na Baba akasema, "Amina. Nani ana kikohozi?"

Akajaribu kitambaa cha kung'aa ambacho hakijikunji, lakini kilimganda mgongoni kwa jasho. Akajaribu koti la mvua lililo wazi chini, upepo wa darajani ukalijaza, akasema kidogo aende mbinguni kabla ya kuitwa.

Viatu navyo vilikuwa na hadithi yake. Ndala ziliruka kutoka kwenye pedeli. Moja aliikuta mtaroni, nyingine hakuiona tena. Viatu vya ngozi vyenye soli laini viliteleza, pedeli ikamrudia kwenye muundi. Raba laini zilijipinda, unyayo ukauma, na kamba yake ikajisokota kwenye mnyororo mpaka mguu ukafungwa na baiskeli kama mbuzi na kigingi. Alianguka polepole, mbele ya kinyozi, ambaye hakuacha kunyoa, akasema tu, "Pole dada, jaribu tena kesho."

Mimi nilimwambia aache. Nilimwambia Mungu haangalii muda, hata yeye akimsomea Baba Jumamosi peke yake inatosha. Alikuwa anafunga bandeji mguuni. "Mungu haangalii muda," akasema, "lakini Baba anaangalia, na hana hata macho."

Kisha akafanya alichojua kufanya. Alikaa kwenye cherehani wakati wa mapumziko, akakata pamba nzito ya kahawia iliyobaki kwenye pazia la ofisi fulani, rangi ambayo mafuta hayaonekani haraka. Akashona suruali pana, mbele na nyuma ameipa marinda makubwa yanayofunika pale inapogawanyika, hata akisimama unaona sketi. Mshono wa kukalia aliuondoa katikati, akaweka kipande cha pembe nne. Mguu wa kulia akautia ule ukanda na kifungo: akiwa barabarani anaukaza, akishuka anauachia. Blauzi aliirefusha nyuma, ili akiinama asiwaonyeshe watu walio nyuma yake mambo yasiyowahusu. Mtandio aliacha kuuachia ncha. Aliufunga kisogoni kwa fundo dogo.

Mama Pazia alimzunguka akitazama. "Upepo, umejivika dirisha."

"Angalau dirisha linafunguka pande mbili."

Viatu alivipata kwa muuza viatu wa sokoni, baada ya kujaribu karibu kila jozi na kumtoa jasho mwenye biashara. Alichagua viatu vyeusi vya shule vya wasichana: soli ngumu ya mpira yenye mifereji, visigino vifupi, na badala ya kamba, ukanda unaofungwa kwa kifungo cha chuma.

"Mtoto yuko darasa la ngapi?" muuza viatu aliuliza.

"Darasa la uzeeni," Dada akasema, akavivaa palepale.

Lakini palibaki jambo moja. Baba, tangu kupofuka, alimjua kila mtu kwa hatua zake. Dada alijulikana kwa viatu vyake vya Jumapili, vyenye visigino, vinavyogonga saruji ko, ko, ko kutoka getini hadi barazani. Viatu vya shule havikulia hata kidogo. Siku ya kwanza alipoingia navyo Baba alishtuka, akashika fimbo, akauliza ni nani anaingia bila miguu. Kwa hiyo Dada akawa anabeba vile vya visigino kwenye kapu la mbele. Akifika, anaegemeza baiskeli nje ya ukuta, anasimama kwenye geti, anavua, anavaa, anaachia ukanda wa pindo, anafuta jasho, anangoja pumzi itulie. Halafu ndipo anaingia, ko, ko, ko, na Biblia kwapani.

Mambo yakaenda. Baba alisomewa kila jioni. Alianza kunyoa ndevu tena. Alianza kubishana na mitume, jambo ambalo kwake ndiyo dalili ya afya.

Kisha mchungaji akaja kumtembelea. Jumapili iliyofuata, tukiwa kanisani, Dada kwenye kwaya na mimi kwenye benchi la nyuma, mchungaji akasema kwenye mahubiri, "Yuko dada mmoja kati yetu ambaye kila jioni, kabla ya kuingia kwa baba yake mgonjwa, husimama kimya getini akamwomba Mungu. Mzee mwenyewe ameniambia. Anasikia geti likifunguliwa, halafu kimya. Kimya kirefu. Kisha hatua za heshima. Ndugu zangu, ni nani kati yetu anasimama getini?"

Watu wakageuka kumtazama. Nilimwona Dada akiinua kitabu cha nyimbo mpaka kikamfunika uso. Alikuwa amekishika juu chini.

Tangu hapo hakuwa na raha. Kinamama walimsimamisha barabarani wakimwomba awaombee. Mmoja alimletea jina la mwanawe mlevi. Jioni alikuwa akija kwangu, haketi, anazunguka meza, anaokota chumvi, anairudisha. "Wananiombesha," alisema. "Mimi pale ninabadilisha viatu!"

"Nyamaza tu," nikamwambia. "Hujadanganya mtu. Ni Baba mwenyewe aliyedhani."

"Nikimsomea 'Usishuhudie uongo', ulimi unakauka."

"Basi ruka ukurasa."

"Baba anaijua Biblia yote kwa moyo. Nikiruka mstari ananirudisha."

Nilimwonya. Nilimkumbusha kuhusu Wifi na gazeti. Baba akijua, atakufungia mlango, na nani atamsomea? Alisimama mlangoni kwangu, mkono mmoja umeshika komeo, mguu mmoja uko nje tayari, akasema, "Nikifungiwa kwa ukweli nitajua nimefungiwa na Baba. Nikiingia kwa namna hii, hata sijui nani anaingia."

Kesho yake hakubadilisha. Hili nilisimuliwa na Wifi, ambaye aliacha sufuria ikiungua ili asikie. Dada aliingiza baiskeli yenyewe mpaka barazani, gurudumu la nyuma likilia tik-tik-tik, viatu vya shule miguuni, pindo limekazwa.

"Nani?" Baba akauliza.

"Ni mimi, Baba."

"Mbona leo hujaomba?"

"Sijawahi kuomba pale, Baba. Nilikuwa navaa viatu. Huwa nakuja na baiskeli."

Baba akanyoosha mkono, na Dada akausogeza pindoni kwake, akauacha upapase. Mkono ulishika marinda, ukafuata kitambaa, ukafika pale kinapogawanyika, ukarudi.

"Ina miguu," akasema.

"Ndiyo, Baba."

Aligeukia ukutani. Hakumfukuza, lakini hakumwambia asome. Chai yake ilipoa ikatengeneza utando juu. Dada alikaa mpaka jua lilipokuwa linazama, akaondoka. Alikuja kwangu usoni amekauka, akanywa maji mengi, hakuniruhusu niseme neno.

Siku iliyofuata akaenda tena. Nilimuuliza anakwenda kufanya nini. Akasema, "Kusimama. Akinikataa anikatae nikiwepo."

Alikuta kiti cha Baba kimehamishwa. Wifi alikuwa ameamriwa akiweke barazani, karibu na njia. Dada alifika getini, akazuia baiskeli, akasimama, hajui aingie au arudi.

"Ule mlio ndio baiskeli?" Baba akauliza kwa mbali.

"Ndiyo."

"Siku zote nilidhani ni mdudu."

Baba akagonga fimbo chini. "Nimemwambia mchungaji kwamba binti yangu anaomba getini. Mchungaji amelitangaza. Kanisa zima linajua. Sasa mimi, mzee wa kanisa, niwe mwongo?"

"Hapana, Baba."

"Basi omba. Hapohapo. Halafu uingie."

Dada akainamisha kichwa akaomba, akiwa ameshika baiskeli kwa mkono mmoja. Alipofika barazani aliuliza, kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo, Baba, hii nguo ni sawa?"

"Sijasema ni sawa. Nimesema ingia, chai inapoa."

Na hakusema zaidi ya hapo mpaka leo. Lakini tangu siku ile Dada aliacha viatu vya visigino nyumbani. Alifika kwa viatu vya shule, akasimama getini akaomba kweli, na Baba akangoja. Nilimuuliza siku moja anaomba nini pale. Akasema, "Kwanza niliomba asije akaniuliza kuhusu koti la mvua. Siku hizi naomba tu nimkute."

Alimkuta kila siku. Mungu alipanga kwamba asiyekutwa awe yeye. Homa ya mapafu ilimshika msimu wa mvua, na hata kitandani miguu yake ilikuwa inakwenda chini ya shuka, inakanyaga. Niliikamata kwa mikono yangu miwili. Ikatulia, na nilipoona imetulia nikajua.

Shangazi aliponisikiliza mpaka hapo, alijifuta macho kwa pindo la sketi nyingine, halafu akauliza jambo ambalo nilikuwa nalikimbia tangu mazishi. "Na sasa kaka yangu anasomewa na nani?"

Hakuna aliyekuwa anamsomea. Wifi alisema jioni Baba anakaa barazani ametega sikio, chakula anakiacha, akiitwa ndani anasema bado. Wala hakuwa amesahau. Alikuwepo makaburini, alishika udongo kwa mkono wake. Alikuwa anakaa tu. Mimi nilikuwa nimeenda mara moja kwa basi, nikamkuta amelala.

"Mimi si Upepo," nikamwambia Shangazi.

"Hakuna aliyesema. Vua hilo gauni, jaribu sketi."

Ilinibana kiunoni. Shangazi aliingiza pini, akanigeuza, akavuta, akanichoma, akasema nisilalamike. Viatu vya Dada havikuniingia; mguu wake ulikuwa mdogo. Nilivirudisha chini ya kitanda. Hivyo sikutaka mtu avipeleke popote.

Nikaenda sokoni. Muuza viatu alikuwa palepale. Nilimwambia nataka viatu vyeusi vya shule, vya ukanda, soli ngumu, saizi ya mtu mzima. Akanitazama, akaitazama ile sketi.

"Yule mama wa darasa la uzeeni mnajuana?"

"Dada yangu."

"Hajambo?"

Nikamwambia. Alizungusha kiatu mkononi. Kisha akapiga magoti akanifunga ukanda yeye mwenyewe, akaujaribu kwa kidole, akasema, "Usikaze sana. Yeye alikuwa akikaza sana."

Baiskeli tulijifunza wote wawili utotoni, kwa baiskeli ya Kaka, Baba asijue, lakini mwili wangu ulikuwa umeamua kusahau. Mtaani kwetu nilikwenda kama mlevi. Shangazi alitembea nyuma yangu akipiga kelele, "Tazama mbele, si miguu! Miguu haikimbii!" Darajani nilishuka nikasukuma. Mteremko wote nilipanda nikisukuma. Kitambaa kile hakikunikaba, pindo halikuguswa na mnyororo, viatu havikuteleza. Kila alichokirekebisha Dada kilikuwa mahali pake.

Nilifika jua likiwa bado juu ya mapaa. Baba alikuwa barazani, uso ameuelekeza getini. Nilijua ameshasikia tik-tik-tik. Nilijua pia kwamba amesikia si ukanyagaji uleule.

Nilisimama. Nikainamisha kichwa niombe, na sikuwa na neno. Nilitafuta Baba Yetu, sala niliyoijua tangu sijajua kusoma, ikanipotea kwenye "utupe leo". Nilitaka kugeuza baiskeli. Mikono ilikuwa inafungua breki na kuifunga. Nikasimama tu, midomo imefungwa, machozi yananidondokea kwenye marinda ya Dada, na sijui nilisimama kwa muda gani.

Fimbo ikagonga saruji.

"Wewe naye," Baba akasema. "Sema amina uingie. Chai inapoa."